Umeniuliza Mara Moja Tu

Chicago, 2 Februari

Baba,

Najua unashangaa kupata barua yangu wakati Jumapili tu tuliongea kwa simu. Lakini simu zetu unazijua. Ulisema theluji imefika dirishani, nikasema huku upepo unakata masikio, ukasema, "Haya, nisikuchoshe," ukakata. Mimi na wewe kwenye simu tunajuliana hali ya hewa tu. Mama ndiye aliyekuwa mwandishi wa nyumba, na kwa kuwa hayupo, kalamu nimeishika mimi.

Ni hivi. Julai tunakwenda Norway: mimi, Desmond, Linnea, Pauline, na wewe. Usianze kukataa, tiketi za ndege nimeshakata. Tutashuka Oslo, halafu tutapanda kaskazini mpaka Kvernmo, tukalione shamba alilotoka babu yako. Shangazi Ragnhild ameandika kwamba vitanda vipo na kondoo hawaumi.

Kilichobaki ni namna ya kutoka Oslo mpaka huko. Kuna gari la kukodi na kuna treni. Desmond usimhesabu, mtu aliyekulia New York anadhani gari ni kitu cha kuitwa kwa kupunga mkono, na leseni hana mpaka leo. Wewe umeendesha basi la shule miaka yote ile, na nusu ya wilaya umeifundisha kushika usukani. Tena nakumbuka ulivyokuwa ukimwambia Mama kwamba siku moja utaendesha ile barabara ya milimani. Kwa hiyo nafikiria gari. Lakini kama ungependa treni, sema, tutapanda treni. Wasichana hawana neno, mradi kuna dirisha la kugombania.

Nijibu upesi, magari ya kiangazi huisha mapema.

Mwanao,
Karin

* * *

Elvedal, Minnesota, 9 Februari

Mwanangu Karin,

Barua yako nimeipata na nimeisoma polepole. Baridi ipo, ila si ya kutisha. Mbwa yu mzima.

Habari ya Norway si mbaya hata kidogo. Nilipomweleza jirani yangu Elmer, alisema, "Basi utakuwa umefurahi," nikamjibu kwamba inawezekana.

Kuhusu treni, usijisumbue kwa ajili yangu. Gari litatosha. Nasikia treni za kule ni safi, na mtu anaweza kukaa dirishani akatazama mlima mpaka mlima wenyewe uchoke, lakini mimi mnanijua, naridhika na chochote. Binti yake Elmer aliipanda hiyo treni na mpaka leo anaisimulia, hata mtu asipomuuliza. Lakini sitaki watu wahangaike. Fanya inavyokufaa wewe.

Wasalimie wasichana. Msalimie na mumeo anayepunga mkono.

Baba yako,
Arvid

* * *

Elvedal, 10 Februari

Binamu Ragnhild,

Nakuandikia wewe kwa sababu uko ng'ambo ya bahari na hapa humjui mtu wa kumwambia.

Macho yangu yanaondoka. Hayaondoki yote, yanaondoka katikati. Nikimtazama mtu usoni naona masikio na kofia, lakini pale penye pua na macho pana ukungu. Pembeni naona kama zamani. Daktari hakunizungusha. Alisema kiangazi hiki utaona, kinachofuata labda, baada ya hapo tusidanganyane. Kwa hiyo nikitaka kuliona shamba la babu, ni Julai hii au nitasimuliwa.

Hapa hajui mtu. Pikapu bado naendesha mpaka kanisani na mpaka mkahawani, kwenye kahawa ya wakulima, taratibu, barabara nimeizoea kwa makalio. Juzi niliangusha sanduku la barua la mchungaji. Elmer akaniuliza mbele ya kadamnasi, "Arvid, siku hizi unaendesha au unapalilia?" Watu wakacheka, nikacheka nao, nikajimiminia kahawa, nikaimimina mezani.

Sasa Karin ananiuliza: gari au treni? Ragnhild, naitaka hiyo treni kama mtoto anavyotaka peremende. Nimemjibu kwamba gari litatosha.

Usinishangae. Huku kwetu mtu akikukaribisha kahawa unasema hapana, asante. Akikukaribisha tena unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema basi, nusu kikombe, naye anakujazia mpaka juu. Anayekubali mara ya kwanza huonekana hakulelewa. Karin ameniuliza mara moja tu. Zimebaki mbili. Nasubiri.

Binamu yako,
Arvid

* * *

Chicago, 20 Februari

Shangazi Ragnhild,

Pokea salamu zetu sote. Baba amechagua gari. Ameandika mwenyewe, "Gari litatosha." Nimeshalikodi. Ni la gia za mkono, maana mengine yalikwisha, na Baba gia za mkono ndizo zake.

Sasa nikwambie jambo ambalo Baba halijui, na tafadhali libaki kwako. Tulipotoka kwake baada ya Krismasi, mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Gari liliteleza kwenye barafu, likazunguka kama sahani, likaingia mtaroni magurudumu juu. Wasichana walikuwa nyuma. Hakuumia mtu, Pauline aliuliza kama tunaweza kurudia. Lakini mimi tangu siku ile sijagusa usukani. Nikisikia tu mlango wa gari ukifungwa, viganja vinalowa. Baba nilimwambia gari lilikuwa bovu, tumeliuza. Yeye ndiye aliyenifundisha, Shangazi. Ningemwambiaje?

Kwa hiyo ataendesha yeye, na mimi nitakaa nyuma nimefumba macho. Ingekuwa hiari yangu ningepanda treni bila kufikiri mara mbili. Lakini safari ni yake, na usukani ndio heshima yake.

Barabara ya huko kwenu ikoje? Ukiona vyema, nidanganye.

Wako,
Karin

* * *

Kvernmo, Romsdal, 1 Machi

Arvid,

Binti yako amekodi gari, na dereva ni wewe. Barabara ya bondeni ina mto upande huu, mwamba upande huu, na malori ya samaki yanakuja katikati, palepale ambapo wewe huoni.

Hiyo hesabu yenu ya mara tatu babu yako aliondoka nayo kwenye meli, sisi akatuachia kahawa. Hapa mtu akiulizwa anajibu. Mwandikie Karin leo umwambie kweli. Usipomwandikia, nitamwandikia mimi.

Kondoo wameanza kuzaa. Sina muda wa kuandika zaidi ya hapa.

Ragnhild

* * *

Elvedal, 12 Machi

Mwanangu Karin,

Picha ya gari nimeipata. Ni gari zuri, jekundu. Asante kwa kuhangaika.

Nimefikiri, na naona safari hii mwende ninyi. Magoti yangu hayako sawa, na Julai kuna majani ya kukata. Mbwa naye hapendi kuachwa. Tiketi yangu mpeni mtu mwingine, au wekeni makoti juu ya kiti. Mkifika Kvernmo nipigieni picha ya banda, na ya nyumba, na ya ule mto kama una nafasi kwenye picha. Zifanyeni kubwa.

Usiwe na wasiwasi, mimi ni mzima.

Baba yako,
Arvid

* * *

Chicago, 19 Machi

Shangazi Ragnhild,

Baba hataki kuja. Anasema magoti. Nilimpigia simu papo hapo.

"Baba, magoti yana nini?"

"Yapo."

"Wiki mbili hazijapita ulikuwa juu ya paa unasukuma theluji!"

"Theluji ilikuwa nyingi."

"Baba, hili shamba umelisema tangu mimi mtoto. Kuna nini?"

"Kuna upepo leo. Unatoka magharibi."

"Baba!"

"Haya, nisikuchoshe."

Akakata. Shangazi, nimekosea wapi? Nilimuuliza anachotaka, akaniambia, nikamfanyia. Desmond anasema tufute safari nzima, twende ufukweni Michigan tukale soseji. Linnea hasemi na mtu. Mimi nimebaki na gari jekundu ambalo hakuna mtu wa kuliendesha.

Karin

* * *

Kvernmo, 28 Machi

Karin,

Nilimtishia baba yako kwamba nitakuandikia, basi naandika. Lakini siri ya mtu si yangu, wala yako sijaitoa. Nauliza jambo moja tu. Ulimuuliza kuhusu treni mara ngapi?

Mimi hesabu yenu siielewi. Nadhani wewe uliielewa ulipokuwa mdogo.

Treni inapita chini ya banda langu. Nikiwalisha kondoo nawaona abiria wakinywa kahawa. Ikisimama mwisho wa reli, nitakuja kuwachukua mwenyewe, kwa safari mbili kama hamtaenea.

Ragnhild

* * *

Chicago, 5 Aprili

Baba,

Nilisoma barua ya Shangazi jikoni, nikapiga kelele mpaka Desmond akaja mbio na taulo.

"Nimemuuliza mara moja!" nikamwambia.

"Na akajibu."

"Desmond, mara ya kwanza hakuna anayejibu! Ile ni adabu tu!"

Akanitazama. "Subiri kidogo. Kwa hiyo miaka yote ile mama yako akiniambia niongeze chakula, nami naongeza palepale…"

"Walikuona hukulelewa, ndiyo."

"Wote?"

"Kanisa zima. Lakini walikupenda."

Alikwenda kukaa sebuleni peke yake, bado yuko huko.

Baba, nisamehe. Nimekaa mjini mno. Sasa nakuuliza kama nilivyofundishwa nyumbani.

Twende kwa treni?

Najua. Unasema tusijisumbue. Si usumbufu hata chembe. Gari nimelighairi, na kijana wa ofisi ya kukodisha alisema hata hivyo kuna watu wanalisubiri. Twende kwa treni?

Najua. Unasema nifanye inavyonifaa mimi. Basi sikiliza inavyonifaa. Lile gari letu halikuwa bovu. Nililipindua kwenye barafu tukitoka kwako, wasichana wakiwa ndani. Wote wazima. Lakini tangu siku hiyo siwezi kuendesha, hata kwenda dukani, na nilikuficha kwa sababu ulinifundisha vizuri na sikutaka uone kazi yako mtaroni. Nilikodi gari nikidhani unalitaka, na kila nikilala naliota. Mimi mwenyewe, Baba, nataka treni.

Sijui wewe unaficha nini. Sikulazimishi. Lakini nauliza mara ya tatu, na safari hii ukisema hapana nitaiamini.

Baba, twende kwa treni?

Mwanao,
Karin

* * *

Elvedal, 12 Aprili

Karin,

Ndiyo.

Neno hilo nimeliandika kwanza, peke yake, halafu nikaenda kuzunguka nyumba kabla sijaendelea. Sidhani kama nimewahi kuliandika bila kuliwekea mto wa kulalia. Ndiyo, nataka treni. Nataka kiti cha dirishani. Wasichana wagombanie kilichobaki.

Sasa zamu yangu. Magoti yangu hayana kitu. Macho ndiyo yanayoondoka, katikati kwanza. Uso wako Krismasi niliuona kwa kuutazama pembeni, ukadhani nimenuna. Daktari amenipa kiangazi hiki. Nilinyamaza kwa sababu mtu aliyewapeleka watoto wa watu shule na kuwarudisha bila mkwaruzo hapendi kusema kwamba ameangusha sanduku la mchungaji. Ningekaa kwenye usukani wa lile gari jekundu, na wajukuu wangu nyuma, kwa ajili ya adabu tu. Nimelifikiri hilo nikakosa usingizi. Halafu nikaona bora nisije kabisa, na hilo nalo nusura nilifanye.

Kuhusu mtaro: barafu haina mwalimu. Ningekuwa mimi, tungekuwa mtaroni vilevile, ila ningelaumu matairi. Ulitoka na watoto wote wazima. Hiyo ndiyo kazi ya dereva, na umeifanya.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye kahawa kwa miguu. Nikasimama mbele ya meza nikasema, "Elmer, macho yangu yamekwisha katikati, na Julai nakwenda Norway kwa treni."

Elmer akaweka kikombe chini.

"Kumbe ndiyo maana," akasema. "Tangu vuli unanipita barabarani hunipungii mkono. Nilidhani tumegombana. Nimekuwa nikijiuliza nilikufanya nini."

"Hukunifanya kitu, mzee."

"Nilikuletea mpaka keki!"

"Keki nilikula. Sikujua ni ya msamaha."

Funguo za pikapu nimempa yeye. Alikataa mara mbili, kama inavyopasa. Sasa yeye ndiye anayenipeleka kanisani, na nikwambie, anaendesha vibaya kuliko mimi.

Baba yako,
Arvid

* * *

Kvernmo, 14 Julai

Elmer,

Naandika herufi kubwa ili mimi nizione. Wewe usijione mtoto.

Tumefika. Na nikwambie, rafiki yangu, miaka ile yote kwenye basi sikuwa naona kitu. Dereva anaona lami na tako la gari lililo mbele. Lile ziwa tunalolipita kila siku pale Elvedal, wanafunzi ndio waliokuwa wakilitazama. Mimi nililijua kwa kona zake tu. Sasa safari hii nimekuwa mwanafunzi.

Tulitoka Oslo asubuhi. Pale stesheni mkwe wangu Desmond alituacha midomo wazi. Mtu huyu, ambaye kwangu Elvedal hata mlango wa pikapu humshinda, alitazama ubao mara moja, akasema, "Jukwaa hili, behewa la mbele, upande wa kushoto ndio wenye mto, nifuateni, msisimame mlangoni." Tukamfuata kama bata. Karin akamuuliza, "Umejuaje?" Akamjibu, "Mke wangu, mimi nimezaliwa kwenye treni. Ninyi ndio wakulima." Miaka yote hii tunamcheka kwa sababu hajui kuendesha, kumbe tulikuwa tunamhukumu nje ya mahakama yake.

Nilipewa dirisha. Sikukataa hata mara moja, na Pauline akasema, "Babu, hata hukusema 'hapana, asante.'" Nikamwambia, "Niko ng'ambo, huku sheria ni nyingine."

Halafu nikagundua jambo. Macho yangu mabovu yameumbiwa dirisha la treni, Elmer. Nikitazama mbele, kuna ukungu. Lakini nikikaa nimeelekea kiti cha mbele na kuiacha nchi ipite kwa pembeni, naiona yote! Naona ziwa lisilokwisha, naona mashamba yaliyosimama wima kama yamepigwa misumari, naona maporomoko yanashuka mwambani kama mtu amesahau kufunga bomba. Karin aliniuliza, "Baba, mbona hutazami nje, unamtazama Desmond?" Nikamjibu, "Desmond simwoni kabisa. Nje ndiko ninakoona." Alicheka, halafu akageuka, akatafuta kitu kwenye mkoba kwa muda mrefu.

Tulipobadilisha treni kule juu, Dombås, tukaanza kuteremka kwenye bonde letu. Ragnhild alikuwa ameahidi kutundika blanketi jekundu kwenye ukuta wa banda ili tulitambue. Wasichana walibandika pua kwenye kioo.

"Lile pale!" Linnea akasema.

"Hilo ni trekta," Pauline akasema.

"Trekta gani linapepea?"

"Nyamazeni wote," nikasema. "Ni kule, nyuma ya miti, kabla ya daraja."

Nililiona kabla yao. Mimi! Kwa pembeni, doa jekundu, halafu ukuta mweusi wa mbao, halafu nyumba, halafu mtu mfupi amesimama uwanjani anapunga ndoo. Treni ikapiga honi, sijui kwa desturi au kwa hisani. Nikasimama. Sikumbuki kusimama, Karin ndiye aliyenishika kwa mshipi. Nikapiga kioo kwa kiganja, nikapaza sauti kwa lugha ya babu yangu ambayo sijaisema tangu nikiwa mtoto, na behewa zima, Elmer, watu nisiowajua na mikate yao mikononi, wakaanza kupiga makofi.

Shamba nimeliona. Nimelikanyaga. Kizingiti cha nyumba kimelika katikati kwa miguu ya watu wetu, nikaweka na wangu.

Wengine wanaondoka Jumapili. Mimi nimeambiwa nikae zaidi. Nimesema ndiyo. Mwagilia nyanya, na usimpe mbwa keki.

Arvid

* * *

Chicago, 6 Agosti

Baba,

Tumefika salama, na nyumba hii ni kimya bila wewe kueleza kila mti. Nina habari mbili.

Ya kwanza: Jumamosi niliazima gari la jirani nikaendesha mpaka dukani na kurudi. Pauline alikaa pembeni akipiga honi ya treni kwa mdomo kila kona. Viganja vililowa, lakini usukani sikuuachia. Tulinunua aiskrimu, ikayeyuka njiani kwa sababu nilikwenda mwendo wa maiti. Sijali.

Ya pili inanikosesha raha. Utarudije Oslo? Kuna ile stesheni ya kubadilisha treni, na ubao wa safari huwezi kuusoma, na Shangazi hawezi kuacha kondoo. Desmond amesema yuko tayari kupanda ndege aje kukuchukua. Anatamani, nadhani, amekuwa akijisifu kwa majirani. Au nije mimi. Sema tu, Baba. Na usiniambie tusijisumbue, maana hesabu nimeikumbuka na nitauliza mpaka mwisho.

Mwanao,
Karin

* * *

Ndani ya treni, 19 Agosti

Mwanangu Karin,

Usiniulize mara ya pili. Nimekataa, na hapana hii ni hapana. Mwambie Desmond nampigia makofi kwa kujitolea, lakini akae nyumbani.

Barua yako ilinikuta Kvernmo nikiwa nimeshafunga mizigo. Ragnhild alinipeleka stesheni, akanipa mkono kama tunauziana ng'ombe, akaniuliza, "Utaweza?" Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Haya," akageuka, akaenda zake kwa kondoo. Nampenda mwanamke huyu.

Nilipanda mwenyewe. Nilikaa upande wa mto. Banda lilipopita nilikuwa tayari, nikalitazama kwa pembeni mpaka miti ikalichukua, na sikuwa na huzuni niliyoiogopa. Nilikuwa nimelijua. Nikifumba macho liko palepale, na hilo daktari hawezi kuliwekea kiangazi.

Sasa sikiliza ya Dombås.

Nilishuka kwenye baridi, na kabla ya yote nikamwendea mkagua tiketi nikamwambia bila kuzunguka, "Bwana, mimi katikati sioni. Treni ya Oslo iko wapi?" Hakunihurumia wala hakupandisha sauti. Alisema, "Vuka reli, jukwaa la pili, simama karibu na benchi, inakuja sasa hivi." Basi! Karin, unajua ni mambo mangapi nimeyakosa maishani mwangu kwa kutouliza hivyo?

Nilipokuwa kwenye benchi nikasikia lugha ya nyumbani. Baba, mama, watoto watatu, na masanduku kama wanahama. Wisconsin, nilijua kabla hawajasema. Gari lao la kukodi lilikuwa limewafia mlimani, wameliacha kwa fundi, na sasa walikuwa wanagombana kwa adabu.

"Nadhani ni ng'ambo ile," mama akasema, "lakini kama wewe unaona ni hii, ni sawa tu."

"Hapana, mimi sina neno, kama wewe unaona ni ile."

"Basi tufanye unavyoona wewe."

"Mimi nilikuwa naona unavyoona wewe."

Walikuwa wamesimama kwenye jukwaa lisilo lao, na treni ya Oslo ilikuwa imeshaanza kusikika nyuma ya kona. Wangekaa pale wakipeana nafasi mpaka theluji ianguke. Nikasimama, nikavuka kwao. Nyuso sikuziona. Niliona kofia, masikio, na mkono wa mtoto umeshika mkono wa mwenzake.

"Mnakwenda Oslo?" nikauliza.

"Tunadhani," baba akasema. "Lakini usijisumbue, mzee, tutapata tu namna."

"Chukueni masanduku," nikamwambia, "nifuateni mimi."

Wakanifuata wote watano.

Baba yako,
Arvid